Meza ya pasi ya mbao: kuitafuta, kuitengeneza na kuipigia kanzu

Alhamisi jioni nyumba nyingi za Unguja zina kazi moja: kanzu za Ijumaa. Kwetu kazi hiyo ilifanywa juu ya meza ya kulia, blanketi limekunjwa mara nne na shuka juu yake. Ukifika kwenye mikono unageuza, unavuta, na unapoondoa mkunjo mmoja unapiga mwengine pembeni yake. Nilipoanza kupata kipato changu nikanunua meza ya pasi mpya, ya mabomba na wavu wa bati. Haikumaliza miaka miwili. Hewa ya chumvi iliingia kwenye maungio, kutu ikapenya kwenye kitambaa, na kanzu yangu nyeupe ya Idi ikatoka na mstari wa rangi ya chai mgongoni. Nilifua kwa kila sabuni ninayoijua. Mstari uko mpaka leo.

Ami yangu, aliyekuwa dobi tangu ujana wake, aliitazama ile meza akacheka. "Mwanangu, chuma na bahari havijawahi kupatana. Tafuta ya mbao, za zamani zipo, watu wamezirundikia mabegi."

Alikuwa sahihi kuhusu mabegi. Tangu siku ile nimepata meza nne na vibao viwili vya mikono, na vyote vinapigiwa pasi. Niliwahi kuwa na ya tano, nzuri kwa macho lakini ikitetereka kila ukiigusa, nimeitoa. Hapa naeleza namna ya kuipata meza ya namna hii, kuifufua na kuitumia. Anayetaka pambo la ukutani tu anaweza kuruka sehemu kubwa, ila asiruke hatua ya nne, kwani ile inamhusu hata yeye.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Kabla ya meza za miguu, watu walilaza ubao juu ya migongo ya viti viwili, au upande mmoja mezani na mwengine kwenye kiti. Katika karne ya 19 Wamarekani wakaanza kuchukua hataza, yaani hati za serikali za kulinda uvumbuzi, za meza za pasi zinazokunjika. Mmoja wao mpiga kanzu yeyote anapaswa kumjua: Sarah Boone, mshona nguo za kike wa mji wa New Haven, Connecticut, aliyezaliwa utumwani North Carolina mwaka 1832. Tarehe 26 Aprili 1892 alipewa hataza nambari 473,653 kwa ubao mwembamba uliopinda kufuata umbo la mkono wa nguo, unaogeuzwa ili mshono upigwe pasi pande zote mbili, na unaokunjika ukawekwa pembeni. Mwaka huo hapa kwetu utumwa ulikuwa bado halali. Amri ya kuufuta ilitoka 1897. Wapo wanaosema Bi Boone ndiye aliyebuni meza ya pasi. Si kweli, zilikuwapo kabla yake. Yeye alitatua tabu ya mkono na kiuno, na tabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitesa kwenye meza ya kulia.

Huku kwetu utakutana na vitu vya aina tatu. Ya kwanza ni meza ya miguu, ubao wa kiasi cha sentimita 120 hadi 140, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ule upande mwembamba mimi nauita pua. Miguu yake ni ya mbao pia, inapishana kama mkasi, na inashikwa na kipande kinachoingia kwenye meno yaliyochongwa chini ya ubao. Ya pili ni kibao cha mikono, meza ndogo ya nusu mita inayokaa juu ya meza kubwa. Ya tatu ni meza ya dobi, pana, nzito, yenye pembe nne, haikunjiki wala haina pua. Hiyo ya tatu iache palepale ilipo, isipokuwa kama una nyumba yenye ukumbi wa kupotelea.

Za kutoka Uingereza mara nyingi ni za msonobari, nyepesi, rangi ya manjano iliyofifia, na vifundo vinaonekana. Zilizonakiliwa na maseremala wetu ni za mvule, mfenesi au msaji, na ukiinyanyua tu mkono unakwambia. Mimi napendelea za kwetu. Ni nzito kubeba ngazini, ndiyo, lakini hazihami ukiegemea, na wadudu hawazikimbilii kama wanavyoukimbilia msonobari.

Hatua ya 2: Pita panapostahili

Maduka ya vitu vya kale ya Hurumzi na mtaa wa Gizenga yatakuuzia kwa bei ya mgeni, maana muuzaji ameshamuona mtu akiigeuza kuwa rafu ya maua hotelini. Nenda ukatazame, ujifunze, kisha rudi nyumbani. Vitu vyenyewe viko kwingine: kwenye marundo ya mitumba ya Darajani na Mwanakwerekwe, kwa maseremala wanaonunua mbao kuukuu, na zaidi ya kote kwenye nyumba za Mji Mkongwe na Ng'ambo pale warithi wanapogawana. Mirathi inagawa dhahabu na nyumba. Meza ya pasi hakuna anayeikumbuka mpaka siku ya kufagia. Waambie mafundi, waambie wapaka rangi, waambie na wabeba mizigo kwa mkokoteni. Hao ndio wanaoingia kwenye nyumba siku hiyo.

Meza yangu bora niliikuta Pemba, si mbali na Wete, na haikuwa meza tena. Nilikwenda harusini, na asubuhi nikiwa nasubiri chai uani niliona mlango wa banda la kuku una pua. Nikainama. Alama nyeusi ya pasi, pembetatu kamili, iko katikati yake, na kuku anachungulia pembeni.

"Bibi," nikasema, "mlango huu wa kuku naupenda."

"Na kuku wangu watalala wapi, mjukuu wangu?"

Nikarudi mchana na kipande cha plaiwudi, bawaba mbili na misumari, nikamtengenezea banda mlango mpya mpaka kitasa. Miguu ya meza ilikuwa darini, imefungwa pamoja na mianzi ya chandarua. Bibi mwenyewe ndiye aliyeikumbuka alipoona nimechukua ubao. Ilivuka bahari juu ya magunia na wapagazi wa bandarini walinicheka kwa kuulipia mlango wa kuku nauli.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kutoa pesa

Anza na miguu, si ubao. Ubao ukiharibika, seremala anachonga mwengine kwa siku moja. Miguu inayopishana vizuri ni kazi ya fundi aliyetulia. Ikunjue mpaka mwisho, weka kiganja katikati ya ubao, sukuma kushoto na kulia. Ikicheza, piga magoti utazame inachezea wapi. Kama ni kwenye bolti, hilo ni jambo la washa mbili na nati mpya. Kama ni kwenye mti wenyewe, umepasuka kandokando ya tundu la bolti, punguza bei au ondoka.

Kisha simama nyuma yake, funga jicho moja, tazama kwa urefu kama seremala anavyotazama boriti. Ubao uliobonyea kidogo katikati hauna shida, blanketi litaficha. Uliopinda mshazari, pembe moja juu na ya pili chini, huo hautanyooka hata uurundikie mawe mwaka mzima, na pasi itakuwa inateleza upande mmoja.

Alama za moto zisikutishe. Mimi nazitafuta, maana zinaonesha meza ilifanya kazi. Ila zipitishie ukucha: zikiwa rangi tu, sawa, zikichimbika na kutoa unga mweusi, mti umeungua ndani na pale patabonyea.

Sasa wadudu, na hapa usione haya kuchukua muda. Vitundu vya mbao iliyobunguliwa vinaweza kuwa vya miaka hamsini iliyopita, na vinaweza kuwa vya wiki iliyopita. Kwa kutazama tu hutojua. Mwombe mwenye mali akupe usiku mmoja, hata kwa kumwekea amana. Tandaza baibui kuukuu sakafuni, laza meza juu yake, igonge kwa mwiko mara kadhaa, uiache. Asubuhi inyanyue taratibu. Kitambaa kikiwa safi, vitundu ni makaburi. Ukiona vichuguu vidogo vya unga mweupe, laini kama unga wa ngano, chini ya vitundu vile, kuna mtu anaishi humo na usimwingize nyumbani kwako, kwenye makabati na milango ya mirathi yako mwenyewe. Mchwa ni rahisi zaidi: ubao unaolia kama debe tupu ukiugonga umekwisha, hata kama uso wake unang'ara.

Mwisho simama mbele ya meza kama mtu anayepiga pasi. Nyingi za zamani hazipandi wala hazishuki. Ubao ukiwa shubiri moja chini ya kiwiko chako, mnafaana. Ukiwa chini zaidi ya hapo, kiuno kitakudai. Miguu mirefu hukatwa. Mifupi huongezwa vipande, ingawa sijaona nyongeza ya namna hiyo ikapendeza.

Hatua ya 4: Asbesto na risasi

Meza nyingi za viwandani, hasa za kabla ya miaka ya 1980, zilikuwa na kibati au kipande cha kijivu upande mpana, cha kuwekea pasi ya moto. Kipande hicho mara nyingi ni asbesto. Ukikiona kitu cha kijivu au cheupe kilichofifia, kigumu kama kadi nene au chenye nyuzinyuzi kama kitambaa kilichopakwa chokaa, usikipige msasa, usikivunje, usikisugue kwa brashi wala usikipulizie. Nyuzi zake hazionekani kwa jicho, zikiingia pafuni hazitoki, na zinaleta saratani baada ya miaka mingi. Mimi meza yenye kipande hicho siinunui hata nikipewa bure. Kama tayari unayo, kilowanishe kwa maji yenye sabuni, kifunike kwa plastiki nene uibandike kwa tepu pande zote, uiweke mbali na watoto, kisha uliza manispaa namna ya kukiondoa. Usimpe fundi bila ya kumwambia. Yeye ataichukulia kama kadibodi.

Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Meza iliyopakwa rangi usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe, tumia kikwangulio badala ya msasa, vaa barakoa, tandaza gazeti, na mabaki yote yafungwe yatupwe, yasifagiliwe uani wanapocheza watoto.

Hatua ya 5: Isafishe, kisha uikaze

Toa vitambaa vyote vya zamani pamoja na misumari yake, mmoja mmoja kwa koleo. Futa mbao kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri katika maji ya sabuni ya mche, fuatiliza na kitambaa cha maji matupu, kisha iache kivulini penye upepo siku tatu nne. Juani hapana. Nilifanya haraka ile ya kwanza, nikaianika juu ya dari saa saba mchana, na ubao ukapasuka kwa sauti niliyoisikia nikiwa jikoni.

Ikikauka, msasa. Anza na namba 80 kwenye alama na madoa, malizia na 150 au 180, na kila mara fuata nyuzi za mti. Lengo si kuifanya mpya. Lengo ni kiganja kipite bila ya kukwama, maana kibanzi kimoja kinatosha kuharibu hariri ya mtu.

Maungio yaliyolegea yafungue kabisa. Kwangua gundi ya zamani mpaka uone mti, tia gundi mpya ya mbao, unganisha, zungusha kamba mara mbili, ingiza kijiti katikati ya kamba ukizungushe mpaka ikaze kama ngoma, ukifunge kisirudi. Usiku mmoja unatosha, wakati wa masika mpe usiku mbili. Tundu la skrubu lililopanuka jaza vijiti vya kibiriti vilivyochovywa gundi, vikate usawa, kikikauka rudisha skrubu. Na skrubu zote za chuma zilizoshika kutu badilisha kwa za shaba. Bei yake inauma, lakini unalipa mara moja.

Sasa jambo ambalo nimewaona hata mafundi wazuri wakilikosea: uso wa ubao usiutie vanishi, usiutie mafuta, wala usiupake nta. Joto la pasi na mvuke vitailainisha, itapanda kupitia blanketi, na utapata doa la manjano kwenye kila nguo nyeupe. Mafuta ya nazi ndiyo mabaya kupita yote, hayakauki na yanachacha. Ipake vanishi miguu ukipenda. Uso uache mtupu.

Chini ya miguu gongomea vipande vya kandambili iliyokatika. Kwenye sakafu ya vigae hakuna kinachoishika meza vizuri kuliko hivyo, na nyumba gani haina kandambili moja isiyo na mwenzake?

Kabla ya kuivisha, igeuze. Upande wa chini andika kwa penseli: umeipata wapi, mwaka gani, mti gani, umebadilisha nini. Kwenye meza ya kuku nilikuta mistari ya penseli ya fundi aliyeichonga, vipimo vyake kwa inchi na hesabu moja aliyoikosea akaifuta. Sikuigusa kwa msasa.

Hatua ya 6: Ivishe

Tandiko la chini liwe blanketi la sufu au pamba, mikunjo miwili, unene wa kiasi cha sentimita moja. Godoro la sponji usithubutu, linayeyuka na moshi wake ni sumu. Sufi ya mto nayo inajikusanya mabonge na inashika moto haraka. Mablanketi haya ya manyoya yanayong'aa ni ya nailoni na wenzake. Yatagandia chini ya pasi. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kibiriti. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu, ni sufu. Ukinuka kama karatasi, ni pamba. Ukijikunja ukawa shanga ngumu nyeusi, rudisha blanketi kitandani.

Juu yake vaa merikani. Kitambaa hiki kina haki ya kuwepo hapa: jina lake limetokana na wafanyabiashara wa Kimarekani waliokileta Unguja kwa merikebu kutoka Massachusetts karne ya 19, biashara iliyokuwa kubwa kiasi cha Marekani kufungua ubalozi mdogo hapa mwaka 1837. Ni pamba tupu, kinastahimili moto, hakina rangi ya kuhamia kwenye nguo. Kifue kwanza kwa maji ya moto, maana kinarudi. Kata kwa umbo la ubao ukiongeza shubiri moja kila upande, pinda ukingo wa kupitisha utepe, kivishe kuanzia puani, geuza meza, vuta utepe ukazie chini. Halafu pitisha na nyuzi chache za kukatisha, kutoka ukingo hadi ukingo, kama unavyokaza kitanda cha kamba. Misumari sitii. Kitambaa lazima kivuliwe kifuliwe kila mwezi, na msumari ni kutu inayosubiri.

Hatua ya 7: Pasi yenyewe

Ya umeme unaijua. Nitasema moja tu: pasi za umeme za zamani zenye waya uliofunikwa kwa uzi wa kusuka ni za kutazama. Ukitaka kuichomeka, fundi umeme aibadilishe waya kwanza na kuitia ardhi.

Pasi ya makaa, ile yenye jogoo juu ya komeo, naiweka tayari wakati wote. Waliokuwapo Unguja Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Umeme wa kutoka bara ulikatika, mara ya kwanza kama mwezi mzima na mara ya pili miezi mitatu, na pasi zilizokuwa zikizuilia milango zikarudi kazini. Ami yangu alikuwa ameshastaafu. Watu walimfuata barazani na kanzu mikononi.

Makaa ya vifuu yanafaa zaidi, yana moto mkali na hayarushi cheche nyingi. Washa nje, yaache mpaka yavae majivu meupe, tia ndani nusu ya pasi, funga komeo vizuri, kisha ipepee nje ili majivu yatoke kupitia matundu ya pembeni. Pitisha uso wa pasi juu ya jani bichi la mgomba. Utateleza kama umepakwa nta, na utaona uchafu unaobaki kwenye jani badala ya kwenye kanzu. Kazi yote ifanyike uani au barazani. Chumba kilichofungwa na makaa yanayowaka ni hatari, hewa yake ya sumu haina harufu. Na pasi ikipumzika ipumzike juu ya kigae au jiwe, kamwe si juu ya meza.

Hatua ya 8: Kanzu

Kanzu iliyokauka kabisa haipigiki. Inyunyizie maji kwa vidole, iviringishe kama mkeka, iache nusu saa ili unyevu uenee. Ukitaka ikae wima, kanji: kijiko kimoja cha wanga wa muhogo kwenye kikombe cha maji baridi, koroga, mimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga mpaka iwe angavu, chuja, acha ipoe, chovya kanzu, kamua, anika kivulini. Kanji nzito huifanya kanzu ilie kama karatasi ukitembea. Wapo wanaopenda hivyo.

Tandaza mkeka safi au shuka chini ya meza, maana kanzu ni ndefu na meza ni fupi. Anza na shingo. Darizi ipigwe kwa nyuma juu ya taulo, ili maua yasimame badala ya kulala. Halafu mikono: weka kibao cha mikono juu ya meza, mvishe mkono kama unavyomvisha mtoto, piga ukiuzungusha kidogo kidogo. Hakuna mkunjo wa pili, hakuna mstari wa pembeni. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilimkumbuka yule mshona nguo wa New Haven nikamwombea kheri.

Mwili wa kanzu uvishe puani kuanzia chini, bega likae pale pua inapopanuka, piga bega, kisha zungusha: mbele, ubavu, mgongo, ubavu. Usisukume pasi mbele na nyuma kwa nguvu. Iteremshe, ikae, inyanyue. Pindo la chini ndilo la mwisho. Ukimaliza itundike palepale, usiikunje ikiwa na joto.

Kofia ya viua haiji mezani kabisa. Ina faroma yake: baada ya kufuliwa na kutiwa kanji nzito inavikwa kwenye faroma ya mti, inanyooshwa kwa vidole, inakauka humo ikiwa na duara lake. Faroma za zamani zinastahili kukusanywa pengine kuliko meza. Baibui ligeuze ndani nje, moto mdogo kabisa, kitambaa chenye unyevu juu yake. Kanga mpya mpe moto wa kutosha, haina matata.

Hatua ya 9: Ihifadhi

Usiiegemeze kwenye ukuta wa nje. Kuta zetu za mawe na chokaa zinanyonya unyevu, na mbao inayogusa ukuta huota ukungu mgongoni bila ya wewe kujua. Mimi nimepigilia vigingi viwili kwenye ukuta wa ndani, meza inaning'inia kwa miguu yake iliyokunjwa, pua juu, na kidole kinapita nyuma yake. Masika yakianza navua merikani na blanketi, navianika kila jua likitoka, na ubao unabaki uchi mpaka mvua zipungue. Kila baada ya miezi mitatu nafungua nati, tone la mafuta ya cherehani, nafunga.

Na baada ya masika narudia baibui jeusi sakafuni, usiku mmoja, meza zote nne. Mwaka jana lilitoka safi. Mwaka huu chini ya ile ya msonobari niliona unga, kidogo tu, kama chumvi iliyodondoka kwenye sinia, mguu wa nyuma. Nimeufungua mguu ule nimempelekea seremala Jang'ombe achonge mwengine wa mvule, ule wa zamani nimeuchoma moto siku hiyohiyo, na meza yenyewe nimeitenga barazani mpaka baibui litoke safi mara mbili.